Kidahizo cha Herufi T

Barua ilikuja ndani ya boksi la vipuri
ambalo bado lilinuka grisi.
Mwandishi: Orville Teague, fundi mstaafu,
Marrow Fork, Indiana.
"Waheshimiwa wahariri," kaandika kwa herufi kubwa
kama anayemsemesha kiziwi,
"miaka sitini na miwili, kila Jumamosi ya tatu ya Aprili,
vigari thelathini na vitatu,
mizunguko mia na ishirini kukizunguka Chuo cha Tindall,
nanyi hamna hata mstari mmoja?"

Tulikuwa wanne mezani.
Juzuu ya nane, T hadi V,
ilikuwa ikisubiriwa na mpiga chapa.
Pfaff, aliyeiacha sheria lakini sheria ikakataa kumwacha,
alilichambua boksi kwa ncha ya kalamu:
gazeti la chuo, gazeti la chuo, gazeti la chuo,
kijitabu cha chama cha waliohitimu,
picha ya kombe lililofuliwa kutokana na pistoni.
Mwamba ngoma huvutia kwake:
ndivyo alivyomaanisha,
ingawa alitumia maneno marefu zaidi.
"Nani mwingine aliyeziona mbio hizi?
Nani asiye na mtoto pale, asiye na shemeji,
asiye na spana yake iliyoazimwa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Delphine Umbarger, wa idara ya picha,
alifungua juzuu zetu wenyewe
akasoma bila kupandisha sauti.
Yumo seneta aliyehudumu siku tisa,
saba kati yake akiwa kitandani.
Limo daraja lililoanguka kabla ya utepe kukatwa.
Umo uyoga wa rangi ya maziwa
unaoota chini ya magogo ya wilaya moja tu,
nao umepewa safu nzima, na mchoro.
"Uyoga," aliuliza, "una mashabiki wangapi?"

Tulicheka. Pfaff hakucheka.
"Uyoga haukujiandikia barua."

Usiku nililibeba boksi nyumbani.
Chini kabisa, daftari la waamuzi, kurasa zimegandana.
Mwaka wa mvua ya mawe:
kigari namba kumi na nne, Roswitha Kemper,
mkono wa kushoto kwenye plasta,
ameufunga kwenye usukani kwa mshipi wa baba yake.
Alimaliza wa kumi na tisa.
Wa kumi na tisa!
Historia haijui kuhesabu mpaka huko.

Basi Jumamosi nikaendesha gari maili themanini,
mashamba ya mahindi bado yana mabua ya mwaka jana,
nikasimama nyuma ya marobota ya nyasi
sina mtoto, sina shemeji, sina spana.
Injini za mashine za kukatia majani
zililia kama nyigu waliofungiwa kwenye debe.
Mwalimu wa falsafa alihesabu mizunguko
kwa kuhamisha maharagwe toka kikombe hiki hadi kile,
na alipopiga chafya, uwanja mzima ulishika pumzi.
Kijana mmoja aligonga robota, akashuka,
akaliomba radhi robota.

Jambo hupimwa kwa nini?
Kwa kivuli chake nje ya ua
au kwa joto lake ndani?
Niliuliza hivyo njiani kurudi, peke yangu,
na vipangusa-kioo vikajibu ndiyo, hapana, ndiyo, hapana.

Jumatatu nilipiga kura ya hapana.
Sijutii. Tukiufungua mlango huu
wiki ijayo watakuja walaji pai na wavuta kamba,
kila mmoja na boksi lake.
Teague nilimwandikia mwenyewe, kwa mkono,
na barua ikawa fupi kuliko nilivyotaka.

Lakini ule mswada wake, ambao hautachapwa,
niliutoa tena kabla ya kuufungia kabatini.
Nikachukua penseli.
Nikakata mia na ishirini,
nikaandika pembeni: mia na ishirini na moja.
Lile la chafya lilianguka chini, karibu na kiatu changu.
Niliokota mimi.